Amotisa za Safari ya Mulungwishi

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, huko Panda. Pikipiki yake kubwa ilikuwa ikikimbia tu, usukani unatetemeka na nyuma inayumba. Mama alipougua mgongo hakuweza tena kuipanda, lakini alitamani sana kumwona mama yake aliyeishi Mulungwishi.

Baba akanunua amotisa mpya, zile springi za kupunguza mtikisiko, kwa mchuuzi aliyezileta kutoka Zambia, pamoja na chuma cha kutuliza usukani. Alizifunga mwenyewe uani, Mama akimtazama dirishani.

“Siku ya Mungu tutaenda,” Baba alimwambia. “Haitakutikisa.”

“Minye niko tayari,” Mama akajibu, akacheka.

Ugonjwa ulimzidi, Jumapili hiyo haikumkuta. Tulimzika Jumamosi.

Matanga yalipokwisha, Baba alinipakia nyuma, tumpelekee bibi kule Mulungwishi kitenge cha Mama, kwa kuwa miguu haikumruhusu kuja kuzika. Pikipiki ilikwenda imetulia kabisa njia nzima.

Bibi alikipokea kitenge, akakikumbatia, kisha akamshika Baba mkono.

“Mukwe yangu, weye ulitaka kumuleta. Minye najua.”

Baba akakaa chini, mlangoni pale, akalia kwa sauti.