Mlima Niliomzungusha Shemeji

Kwetu mke na mdogo wa mume ni watani, na utani wenyewe si wa kuchekeana tu. Ni wa matusi. Siku niliyoletwa Unyambwa nikiwa bibi harusi, shemeji yangu alinizunguka mara mbili mbele ya wakwe, akauliza kama kaka yake alinichagua mchana au gizani. Sijanyamaza tangu hapo. Yeye huniita mke wangu mzee, mimi namwita mume wangu wa akiba. Akisema tumbo linamuuma, namwambia ni uvivu umeshuka tumboni. Nikisema nina homa, anauliza kaburi langu achimbe upande gani wa nyumba. Ukikasirika umeshindwa, na mimi sipendi kushindwa.

Asubuhi za baada ya mvua, vumbi likitulia, nyuma ya nyumba yetu unauona mlima Hanang. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka nimewaonyesha watoto wa watu mlima ambao sikuwahi kuukanyaga. Nikataka kuupanda. Mume wangu hakutaka hata kusikia. Shemeji, ambaye analima alizeti huko Mwankoko, akasema mlima wenyewe utanikataa kwa uzito. Nikamjibu kwamba yeye hata kichuguu kinamshinda, na kama ni mwanamume twende wote. Hakuwa na habari na milima. Alikwenda kwa sababu nilimtukana.

Ilikuwa mwaka jana, baada ya mavuno. Tulilala Katesh, tukaanza kupanda kabla jua halijatoka, tukiwa na mtu wa kutuongoza, mtu mzima wa huko huko, mpole. Mpango ulikuwa wangu: tupande upande wa Katesh, tufuate mgongo wa mlima kilele baada ya kilele, halafu tushukie Gitting kwenye malisho, tuwe tumezunguka. Kurudi njia ile ile niliona ni safari ya mtoto aliyetumwa dukani.

Mlima ule una hila. Unatoka msituni, unakifikia kilele unamshukuru Mungu, kumbe cha uongo, kingine kinakungoja mbele. Njia nyembamba, korongo huku, korongo huku, na upepo hauna adabu. Pumzi unaitafuta.

Kwenye kilele cha pili shemeji akasema, "Mke wangu mzee, kichwa kinapasuka."

"Kipasuke kina nini ndani?"

Akacheka. Hicho ndicho kinachoniua mpaka leo, kwamba alicheka.

Tulipokaa kula viazi, vyake hakuvigusa. Akasema, "Shemeji, turudi. Kweli." Lakini hilo kweli lake nililizoea, aliliapa kila siku kwa uongo. Yule kiongozi wetu akaniuliza pembeni kama shemeji anaumwa, maana kurudi tulikotoka ni karibu kuliko kuzunguka. Nikamwambia, "Huyu shemeji yangu, usimsikilize, muongo tangu tumboni." Kiongozi alikuwa ametusikia tunavyorushiana maneno, akaona ya familia hayamhusu, akaendelea kutuongoza mbele.

Nisijidanganye. Niliona jasho linamtoka kwenye baridi ile. Niliona, nikageuza macho, kwa sababu kilele kikubwa kilikuwa pale mbele na mimi nilikitaka.

Nilikipata. Nikapiga picha. Shemeji amekaa nyuma yangu ameshika kichwa, na kwenye picha mimi ninacheka.

Tukaanza kushukia Gitting. Baada ya mwendo mrefu nyasi zikafunguka, malisho mapana yameinama na mlima, ng'ombe wametapakaa na kengele zao shingoni. Pale shemeji akaanza kuyumba. Mguu wa kulia unaburuta, mdomo umekwenda upande, anaongea maneno ya mlevi. Nikasema ala, leo ameamua kuniigizia! Nikatoa simu, nikamrekodi huku nikicheka, nikatuma video kwenye kundi la ukoo. Vicheko vikaanza kuingia hapo hapo. Mume wangu akaandika, "Mrudishe na chupa yake."

Akaanguka. Nikamwambia aamke, ng'ombe watamkanyaga. Hakuamka. Kiongozi akapiga magoti, akamgeuza, akaniangalia mimi, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Wachungaji walikuja mbio, wakafunga mashuka yao kwenye fimbo ndefu, wakambeba. Mimi nilifuata nyuma na kiatu chake kimoja mkononi, na simu mfukoni inalia na kulia, ndugu wanacheka.

Kiharusi. Daktari alisema presha ilikuwa ikimnyemelea siku nyingi, labda ingemwangusha hata shambani. Alisema pia kwamba tulichelewa. La kwanza sikumbuki alilisema vipi. La pili nalisikia kila ninapoinama kuosha vyombo. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno hayatoki.

Nilimwendea mama mkwe, nikapiga magoti, shikamoo mama, nikamwambia ni mimi niliyemzungusha mwanawe. "Marahaba. Mlikuwa mnataniana, mwanangu. Nani atakushitaki?" Mume wangu naye hivyo hivyo. Ukoo mzima hivyo hivyo. Jamani! Nilitamani hata mmoja anifokee, anifukuze, anirushie mwiko. Kwetu tusi la mtani halihesabiwi, basi na kosa langu hawakulihesabu, nikabaki nalo peke yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwankoko nimeamua. Nikaketi kitandani pake, nikaushika mkono wake mzima kwa mikono yangu miwili. "Shemeji, nisamehe. Uliniambia, nikajifanya sisikii."

Akauchomoa mkono. Akageuzia uso ukutani, na machozi yakamtoka.

Mkewe alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akasema taratibu, "Dada, usimwombe msamaha. Tangu alipoanguka kila mtu anamwongelesha kwa adabu, kama maiti. Alikuwa anakungoja wewe. Na wewe ukimheshimu, atajua ndiyo basi tena."

Nikafuta uso kwa kanga. Nikamwinamia shemeji. "Wewe mvivu! Umelala mchana kutwa, ndege wanamaliza alizeti, unadhani nitakuja kukuwingia mimi?"

Akageuka. Upande mmoja wa mdomo ukacheka, mate yakamchuruzika, mkewe akayafuta. Akanigonga goti kwa kidole, nimwongeze. Nikaongeza, tusi juu ya tusi, mpaka akasinzia, na ule msamaha sijauomba tena.