Mama Iko mu Phonie

Miaka ile ya vita mke wangu alifanya kazi Kampala, kwenye karakana ya kushona sare za wanafunzi, nami nilibaki Butembo na binti zetu wawili. Mkubwa alikuwa ameanza shule. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Mimi ni seremala, na wakati wa vita hakuna anayeagiza kabati. Watu huagiza jeneza, au hawaagizi kitu. Tulikubaliana kwamba ataenda kwa muda mfupi. Kisha barabara ya mpakani ikawa na wenyewe, leo hawa, kesho wale, na ule muda mfupi ukavutika mpaka mtoto akaanza kuongea.

Sikuwa mtu wa jikoni. Niliungua vidole, nikaunguza bugali, nikazoea. Ila sombe ilinitesa. Majani ya muhogo hayalainiki bila kutwangwa, na kwetu mwanaume anayetwanga ni habari ya mtaa mzima. Nilijifungia ndani na kinu, nikakitandikia gunia ili kisisikike. Kazi bure. Siku moja mama jirani aliniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Papa! Unatwanga sombe sawa vile unapiga musumari. Pole pole, haiko mbao!"

Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikapunguza nguvu, na sombe ikawa nzuri zaidi, jambo lililonikasirisha upya.

Kila Jumapili baada ya misa tulienda kwenye phonie. Hiyo ilikuwa redio ya mawasiliano iliyowekwa nyuma ya duka moja karibu na soko, waya wake umefungwa juu ya mikaratusi miwili. Simu hazikuwa za watu kama sisi. Mlikaa kwenye benchi na wote wanaosubiri, na mambo yenu ya ndani yakasikika kwa wote. Tena hamkuweza kuongea kwa pamoja: mmoja alisema yake, akamaliza kwa "à vous", ndipo mwenzake akabonyeza na kujibu. Mkitaka kuagana mlisema "terminé", na sauti ikakatika. Habari za vita hazikutajwa, maana askari nao walisikiliza. Kwa hiyo mke wangu aliuliza kama mvua imenyesha, nami nilimjibu kwamba imenyesha upande wa Beni, kwetu ni mawingu tu.

Nililichukia lile benchi. Kuna siku mke wangu aliuliza kama mdogo anaenda choo vizuri. Kabla sijabonyeza, benchi zima likajibu.

"Mupatie papayi!"

"Hapana maharagi na usiku, papa!"

"Lakini, unamupatiaka nini, huyu mutoto?"

Niliwaambia kwamba mtoto huyu ana baba. Walicheka mpaka opereta akawanyamazisha. Nikanunua papai, na papai likasaidia.

Mdogo aliipenda phonie kuliko sisi sote. Alisimama juu ya kiti, akaeleza alichokula, akamalizia kwa "à vous" bila kukosea, na wakati huo hata jina lake alikuwa hawezi kulitamka sawasawa. Sauti ilipomjibu aliviangalia vile vitundu vya spika kama mtu anayeangaliana na mwenzake. Lakini akisikia "terminé", aliinua kiganja akaviziba vitundu vyote, anakaza kweli kweli, machozi yanamtiririka. Alikuwa ameshajua kwamba neno hilo ndilo linalomwondoa mama yake. Nilipomweleza mke wangu, aliacha kabisa kulisema. Opereta akawa analisema kwa niaba yake, taratibu, huku amegeukia ukutani.

Nyumbani nilimwonyesha mdogo picha ya mama yake. Akasema ni tante, yaani shangazi fulani. Nikamuuliza basi mama yuko wapi.

"Mama iko mu phonie," akasema, kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Dada yake alicheka. Mimi sikucheka. Tangu hapo nilikuwa na hofu moja, nikiranda mbao, nikiosha sahani: kwamba vita vitaisha, mke wangu atarudi mzima, na atamkuta mtoto asiyemjua. Naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Jumapili moja aliuliza, na kwa mara ya kwanza benchi lilinyamaza:

"Atanijua? À vous."

Nilibonyeza nikamwambia kwamba atamjua. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Njia ya mpakani ilipofunguka alifika Beni, lakini magari ya kuja Butembo yalikuwa yamezuiwa, akabaki kwa dada yake huko huko, mtaa wa Bungulu. Magari yaliporuhusiwa sikungoja aje. Nilipandisha watoto kwenye lori la viazi lililotoka Alimbongo, wamevaa masweta ya baridi yetu, na tulipofika Beni walikuwa wamelowa jasho.

Mkubwa alimrukia mama yake shingoni kabla sijasalimia. Mdogo alijificha nyuma ya miguu yangu. Mke wangu alipiga magoti, akafungua mikono.

"Kuya kwa mama."

Mtoto alimwangalia vizuri, juu mpaka chini, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu hapana mama. Mama iko mu phonie."

"Atazoea, ni mutoto tu," shemeji akasema. Alisema kwa wema, nami nikamjibu vibaya. Mke wangu aliinuka, akakung'uta magoti, akasema anaenda kuangalia maharagi, akapita pazia la chumba cha nyuma walichopikia. Niliumia kwa ajili yake. Na papo hapo, siwezi kuficha, ule mkono mdogo uliong'ang'ania suruali yangu ulinifurahisha.

Kutoka mle ndani mke wangu akamuuliza dada yake mkubwa, aliyebaki nasi:

"Yaya, chumvi iko wapi?"

Mkono uliniachia. Mtoto alienda mpaka kwenye pazia, akaangalia maua yake moja moja, nadhani akitafuta vile vitundu. Akasimama wima.

"Mama, leo tulipanda camion. Nilikula ndizi. À vous."

Shemeji alitaka kucheka, nikamkataza kwa jicho. Chini ya pazia niliiona miguu ya mke wangu ikisogea, kisha ikasimama.

"Nimesikia, mama. Ndizi ilikua tamu? À vous."

"Ilikua tamu. Papa alilala mu camion, kinywa wazi. À vous."

Waliendelea hivyo. Maharagi yaliungua na hakuna aliyeyajali. Mtoto alitoa siri zangu zote: kwamba naongea peke yangu nikiranda, kwamba nafunga mlango nikitwanga sombe. Mke wangu alicheka kwa sauti, halafu kicheko kikamgeuka kilio.

"Unataka nikuye kwako? À vous."

Mtoto aligeuka akaniangalia. Nilitikisa kichwa kukubali. Akafikiri.

"Kuya," akasema. Hakuongeza "à vous".

Pazia likasogea. Mke wangu alichuchumaa mbele yake, macho mekundu, mikono ina chumvi. Waliangaliana. Akafungua mdomo ili aseme kitu, mpaka leo sijui ni kitu gani, na mtoto akainua kiganja upesi, akamziba mdomo wote, akakaza.

Mke wangu hakujitoa. Alibaki amechuchumaa vile vile, akipumua kwa pua, hadi ule mkono ulipochoka wenyewe.