Vifaranga vya Wajdi

Wajdi alikuwa fundi wa vigae mjini Irbid, na wenye nyumba waliotaka sakafu iliyolala sawa kama maji kwenye sinia walikuwa tayari kumsubiri miezi. Kisha siku moja jukwaa la ujenzi likamtupa, mgongo ukaumia, na daktari akamkataza kupiga magoti. Fundi wa vigae asiyepiga magoti ana kazi gani? Wenzake wakaendelea na majengo, yeye akabaki nyumbani.

Mkewe, Ibtihal, alikuwa nesi wa hospitali, na zamu yake ilianza kabla jua halijapanda. Hivyo watoto wakawa mikononi mwa Wajdi. Rimas alikuwa na miaka mitano, anasoma chekechea. Mdogo wake Laith alikuwa na mitatu na alikula chochote alichokiona kwa dadake. Mwanzoni Wajdi aliwapa mkate, mafuta ya zeituni na zaatari, ule unga wa majani makavu na ufuta, asubuhi mkate, mchana mkate, mpaka Rimas akawa anakaa chooni akilia.

"Wanataka mboga hawa," Ibtihal akamwambia.

"Rimas akiona jani anafumba mdomo kama kufuli."

"Basi asilione."

Neno hilo lilimkaa Wajdi kichwani. Mama yake alikuwa amewaachia kikaango cha kupikia ijja, yaani mayai ya kukaanga na majani, kile chenye vishimo vya duara, ndugu wa kikaango cha vitumbua. Asubuhi moja alichemsha koliflawa mpaka ikalegea, akaiponda ikawa kama uji. Mumunye alilimenya ganda lote la kijani, akalikuna, akalikamua kwenye kitambaa mpaka likakauka. Akapiga mayai, akachanganya na unga kidogo, chumvi na bizari ya manjano, akamimina vishimoni. Vilipoiva vilitoka vya njano, vimefura mashavu. Akavitazama, akaona vimekosa kitu. Akachukua punje mbili za habasoda akaweka macho, na nusu ya dengu ikawa mdomo.

"Vifaranga," Rimas akasema. Hakugusa kwanza. "Vina majani?"

"Yai tu, mama. Kifaranga hutoka kwenye yai, au siyo?"

Akala vitatu. Kuanzia siku ile kazi ya kuweka macho ikawa ya Rimas, amesimama juu ya kiti, ulimi nje kwa umakini. Walipika kabla gari la shule halijafika, haraka haraka, na vilivyobaki vilikwenda naye kwenye mkebe wake. Kulikuwa na wenye makengeza, kulikuwa na waliolala, na mmoja mwenye jicho la tatu ambaye Laith alimlilia asiliwe. Wajdi alikuwa hajacheka vile tangu aanguke.

Lakini pazia la jikoni alikuwa analifunga. Jikoni kwao kulitazamana na ngazi za jengo, na wapandao ngazi hawana adabu ya macho. Mtu akibisha hodi, Wajdi alifuta mikono na kuitupa aproni nyuma ya mlango. Hakuna aliyewahi kumcheka. Alijicheka mwenyewe kabla yao.

Ijumaa moja Ibtihal alikuwa kazini. Baada ya swala, Mutasim, kaka yake Wajdi mwenye bucha karibu na soko, alikuja kumjulia hali pamoja na mafundi wawili waliokuwa wakifanya naye kazi zamani. Wakaketi sebuleni. Rimas, kwa ukarimu wake, akaenda jikoni akaleta sahani ya vifaranga akaiweka katikati ya wanaume.

Mutasim alitupa kimoja mdomoni, kisha cha pili. "Wallahi, mkeo Umm Laith ana mkono. Mtu anatoka zamu, bado anakaa kuchora macho ya kuku?"

Hapo Wajdi angeweza kunyamaza tu. Badala yake alisema, "Ameamka alfajiri, akavipika kabla hajatoka."

"Siyo Mama," Rimas akasema. "Ni Baba. Baba anapika, mimi naweka macho."

Mmoja wa mafundi akakohoa ndani ya kikombe chake cha chai. Mwingine akasema polepole, "Abu Laith, kumbe umehama fani hukutuaga. Aproni ya maua au ya mistari?"

Wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu waliowahi kubeba saruji pamoja. Lakini Wajdi alihisi masikio yake yanawaka moto. Akamgeukia mtoto.

"Rimas, acha uongo."

"Mimi siongopi, Baba."

"Nimesema acha. Mtoto anayeongopa mbele ya wageni ni aibu. Nenda chumbani."

Rimas hakulia. Alimtazama baba yake usoni, akatazama sahani, kisha akatazama mikono yake mwenyewe kama mtu anayehakikisha jambo. Akaenda chumbani akafunga mlango taratibu. Wageni wakazungumza bei ya saruji na mvua iliyochelewa. Wajdi alisikia sauti zao, lakini hakuweza kufuata neno hata moja.

Asubuhi ya Jumapili, siku ambayo juma la shule huanza kwao, alipika kama kawaida akamwita. Rimas alikuja, akaweka macho haraka, akashuka kitini. Mkebe ulirudi mchana umejaa. Siku iliyofuata vilevile. Wajdi alijiambia kwamba watoto huchoka na kitu. Alijua hilo si kweli, lakini alilishikilia.

Katikati ya juma gari la shule liliharibika, akaenda mwenyewe kumchukua. Mwalimu wake, Bi Suhad, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alimwita pembeni ya lango.

"Abu Laith, niwie radhi. Nilitaka Rimas awaambie wenzake nani anatengeneza vile vifaranga, maana watoto wote wanavililia. Akasema hajui. Nikamwambia, mimi najua, mama yako ameniambia ni baba. Unajua alifanyaje? Aliniziba mdomo kwa mkono wake."

"Kwa nini?"

"Akasema, 'Usiseme, Mwalimu. Wakijua, Baba atakuwa mwongo.'"

Wajdi alikuwa amejiandaa kusikia kwamba mtoto amekasirika, au amemsema vibaya. Hakujiandaa kusikia kwamba mtoto wa miaka mitano anambebea siri yake, kwa njaa, mbele ya mkebe uliojaa. Alishukuru, akamshika Rimas mkono, na njia nzima akatembea akitazama chini.

Jioni, Laith akicheza na vifuniko vya sufuria, alimweleza Ibtihal yote. Ibtihal alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na hakuitoa.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Mke wa Mutasim alinipigia simu nimfundishe mapishi yangu. Nikamtungia vijiko vya unga. Nikasema labda umeficha kwa sababu unaona haya, nikakusitiri. Wewe kuchekwa na watu, si neno. Lakini mtoto, Wajdi? Mtoto alisema kweli, ukamwita mwongo."

"Najua."

"Unaniambia mimi ili iweje? Mwenyewe yuko chumbani."

Wajdi alikwenda. Hakuweza kupiga magoti, akaketi kwenye ukingo wa kitanda kidogo mpaka kikalia. Alimwambia Rimas kwamba siku ile yeye ndiye aliyeongopa, na kwamba alikuwa ameona aibu ya kitu kisicho na aibu. Maneno yalitoka makavu, si kama alivyoyapanga. Rimas aliendelea kumchana nywele mwanasesere.

"Ami Mutasim anajua?"

"Bado."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Leo?"

Bucha lilikuwa halijafungwa. Walikwenda pamoja, na kulikuwa na wateja, wanawake wawili na mzee aliyetaka mbavu za kondoo. Wajdi alitamani wangeondoka kwanza, lakini Rimas alikuwa ameshasimama mbele ya kaunta, kidevu chake kikifika kwenye kioo.

"Mutasim," Wajdi akasema, "vile vifaranga vya Ijumaa nilipika mimi. Kila siku napika mimi. Rimas alisema kweli."

Mutasim aliweka kisu chini, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mmoja wa wanawake alijifanya anachagua maini.

"Tulijua, ndugu yangu," Mutasim akasema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unanuka bizari mpaka kwenye ndevu. Sote tulijua." Akainama juu ya kaunta kumtazama Rimas. "Tulijua, na tukakaa kimya ulipofukuzwa. Nami nisamehe, bibi yangu."

Rimas alimwangalia ami yake, akaangalia baba yake. "Sawa," akasema, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kikiwa na mkwaruzo.

Wakati wa kurudi nyumbani, walipopita kwa muuza mboga, akasimama ghafla.

"Baba, na vifaranga? Ni yai tu?"

Wajdi aliona koliflawa zimepangwa pale mbele yake, nyeupe, zimekaa kama mashahidi. Angeweza kusema ndiyo. Mtoto angekula, tumbo lingekuwa salama, na nani angemlaumu?

"Kuna koliflawa ndani," akasema. "Na mumunye. Nilikuficha."

Rimas aliachia mkono wake. Alitembea mbele peke yake mpaka mlangoni, na usiku ule alikula mkate mtupu. Ibtihal aliposikia alitikisa kichwa, na Wajdi akajihisi mjinga mara ya pili kwa siku moja.

Ilichukua muda. Wajdi aliacha pazia wazi, akapika, akala na Laith. Jirani wa juu alipopita ngazini na kusalimia, aliitikia akiwa na mwiko mkononi, ingawa shingo ilimkakamaa. Asubuhi moja Rimas alipanda kiti bila kuitwa na kuweka macho. Asubuhi nyingine akavunja kifaranga katikati, akakichunguza kama daktari, akala upande mmoja. Hakusema ni kitamu.

Siku ya Idi nyumba ilijaa, na shangazi mmoja wa mbali akashika kifaranga kwa vidole viwili akauliza nani fundi wa vitu hivi. Rimas alikuwa karibu zaidi. Kabla hajafungua mdomo aligeuka kwanza kumtazama baba yake usoni, kuona leo ni jibu lipi linaruhusiwa.

Wajdi alimwona anavyotazama, na uso ukamshuka.

"Ni mimi, Shangazi," akasema. "Huyu ananiwekea macho."