Fungu la Mwenye Boma

Bucha letu lilikuwa la mwisho katika safu ya maduka ya kijiji, upande unaotazama Mugutha, na nyuma yake palipita handaki. Hiyo ndiyo sababu ya yote ninayoyaeleza hapa. Kama baba mkwe wangu angepewa kiwanja cha katikati, kama alivyoomba, nisingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, yaani hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni dhidi ya wapiganaji wa uhuru. Watu wa upande wetu wa Ruiru walikuwa wamevunjiwa nyumba zao na kukusanywa katika vijiji vipya, nyumba zimebanana, handaki limewazunguka, na ndani ya handaki imesimikwa miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja, na homgadi, wenyeji wenzetu waliopewa bunduki na serikali, walisimama hapo. Chakula hakikuruhusiwa kuvuka handaki, kwa sababu serikali ilisema kila tonge linalovuka linaishia msituni kwa wapiganaji. Amri hiyo ilisomwa mara nyingi hivi kwamba watoto waliigiza sauti ya msomaji wakicheza. Jirani yetu, mwenye duka la unga, alichukuliwa kwa sababu mfuko wake ulionekana shambani, ng'ambo. Alisema uliibwa. Mlango wa duka lake ulipigiliwa misumari, mkewe akarudi kwao, na yeye hatukumwona tena. Kila nilipopita pale niliitazama ile misumari.

Nilikuwa bibi arusi wa mwaka wa kwanza. Bucha lilikuwa la baba mkwe. Mume wangu ndiye aliyekata nyama. Mama mkwe alipika supu. Nami niliosha matumbo nyuma, katika kibanda cha mabati. Kusoma nilikuwa nikijifunza polepole, kwa magazeti ya kufungia nyama. Tulichinja mara mbili kwa wiki. Mkaguzi akishapiga muhuri wake wa zambarau, mume wangu alipasua ng'ombe kwa msumeno tulionunua kwa Singasinga mmoja mjini Thika. Hapakuwa na msumeno mwingine wa nyama kijijini. Majumbani watu walivunja mifupa kwa shoka. Tulijivunia msumeno ule, kwa kuwa mfupa uliokatwa nao hauachi vibanzi, na mama mwenye mtoto mdogo alinunua kwetu bila wasiwasi.

Mahali handaki lilipopita nyuma ya kibanda changu palikuwa na shimo la duara, pana kama nyumba ndogo, limeota majani. Wazee walisema mashimo ya namna hiyo ni nyumba za Agumba, watu wafupi sana waliokaa chini ya ardhi katika nchi yetu kabla yetu, kisha wakatoweka bila mtu kujua walikokwenda. Wachimbaji wa handaki walipolifikia shimo hilo walifukua vigae vya vyungu visivyofanana na vya kwetu, wakagoma. Homgadi aliyesimamia upande wetu, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni, aliwatukana, akawachapa wawili, kisha akanyakua jembe awaonyeshe. Alipiga mara moja. Chungu kizima kikajitokeza. Alikitazama, akakirudishia udongo kwa mikono yake. Pale handaki likabaki na kina cha goti. Alisimika miti yenye ncha, akafunika na matawi ya miiba, na akawaambia wakubwa wake kwamba chini kuna mwamba.

Mama mkwe alikuwa na maoni yake.

"Tunachinjia katika boma la watu," alisema.

Kwetu, mtu akichinja katika boma la mwingine, mwenye boma hupewa fungu lake kabla wengine hawajaonja. Ukimnyima, kosa si la nyama. Umemwambia mbele ya watu kwamba hana boma. Kwa hiyo kila siku ya kuchinja alitenga ubavu mmoja, nami niliupeleka jua likiwa bado juu na kuuweka kwenye jiwe ukingoni mwa shimo, upande wetu wa handaki.

"Maitu," nilimwuliza mara ya kwanza, maana ndivyo tunavyomwita mama, "si tungewapa bandama tu?"

"Wewe ukienda kwenu mama yako akupe bandama, utarudi tena?"

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Ubavu ulipokuwa ukitengwa, aligeuka na kusugua mizani.

Asubuhi ubavu haukuwapo. Kila mara. Hapakuwa na mfupa, wala mburuzo, wala nyayo za kucha. Nilijiambia ni fisi, lakini sikuamini. Nilipouweka ubavu kwenye jiwe sikuinua macho kutazama ile miiba, na niliporudi sikukimbia, kwa sababu niliamini kwamba nikikimbia nitafuatwa.

Alasiri moja ya siku ya kuchinja, wateja wakiwa wamekwisha, yule homgadi mwenye kovu aliingia buchani na kuweka mfupa juu ya meza.

"Baba, huu ni wako?"

Ulikuwa mfupa wa ubavu. Ncha zake zote mbili zilikuwa sawa kabisa, laini.

"Umekatwa kwa msumeno," homgadi alisema. "Nimeuokota ng'ambo."

"Fisi huvuka," baba mkwe alijibu.

"Huvuka. Lakini fisi hachemshi mfupa, baba." Aliugeuza. Ulikuwa mweupe, bila alama ya jino hata moja. "Huu umechemshwa mpaka umemsahau ng'ombe wake."

Mume wangu alikuwa ameshika kisu. Alikiweka chini polepole, akakisukuma mbali na mkono wake.

"Kesho mkubwa anakuja kukagua handaki," homgadi aliendelea. "Nikimwonyesha mfupa huu, ninyi wawili mtalala kambini, na bucha hili litapigwa misumari kama lile la unga. Nisipomwonyesha, kisha auone mwingine, nitalala mimi. Sasa niambieni mnamlisha nani."

Baba mkwe aligeukia mizani yake, akaanza kuisugua. Niliielewa shida yake. Uongo hakuweza kusema, na ukweli ulikuwa jambo la kumtoa katika kiti chake cha kanisani. Mama mkwe ndiye aliyetoka jikoni, upawa mkononi.

"Mimi ndiye ninayetoa. Ni fungu la mwenye boma."

"Mwenye boma gani, mama?"

"Yule uliyemrudishia chungu chake."

Kijana alishika kovu lake.

"Usinichezee, mama."

"Nikuchezee wewe kijana wa bunduki? Mwamba wako unaujua mwenyewe."

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akanionyesha mimi kwa kidole. "Muhiki," alisema, yaani bibi arusi, "utaweka ubavu kama siku zote. Mimi nitakaa nawe kibandani. Akija mtu, nitampiga risasi, na wanaume hawa wawili nitawapeleka kituoni leo hii."

"Na asipokuwa mtu?" mama mkwe aliuliza.

Aliichukua bunduki yake, akatangulia kibandani.

Niliuweka ubavu kwenye jiwe. Niliporudi alikuwa amekalia debe, mdomo wa bunduki ameupenyeza katika ufa wa mabati. Nilichuchumaa kando yake, mbele ya tundu la msumari, nikatazama kwa jicho moja. Ndani ya kibanda joto lilikuwa kali na matumbo yalikuwa hayajaoshwa.

"Harufu hii," alinong'ona. "Mume wako alikuambia itaisha?"

"Alisema nitaizoea."

"Umeizoea?"

"Bado."

Alicheka puani, akaacha ghafla, kwa kuwa kicheko kiliitikisa bunduki ikagonga bati.

Mpaka siku ile hapakuwa na kitu nilichokiogopa kuliko Agumba. Sasa nilikaa nikayapanga mambo yanayoweza kutokea. Mnyama hakuwa, mfupa ulikuwa umeshatuambia. Akiwa mtu, atakufa mbele ya jicho langu, na mume wangu ataondoka na sitamwona tena. Lililobaki lilikuwa moja. Nikaanza kuomba Agumba wawepo. Niliomba kwa moyo wote kitu kifupi kitoke ardhini kiuchukue ubavu ule, na nilipotafuta wa kumwomba nikakosa, kwa sababu Mungu niliyefundishwa kanisani hakuwa na shughuli na watu hao.

Jua lilikuwa limeanza kugusa miti ya kahawa ya shamba la mzungu ng'ambo ya handaki wakati tawi moja la miiba lilipoinuka.

Lilisogezwa kando taratibu, kama mlango. Kikatoka kichwa, halafu mgongo. Kiumbe chenyewe hakikufika kiunoni mwa mtu mzima. Kilikuwa na rangi ya majivu, kimejifunika ngozi, na kilitembea kimeinama kati ya ile miti yenye ncha, kikiweka mguu hapa na pale kwa uangalifu, kama mtu anayepita katika kitalu cha miche.

Mimi tundu langu lilikuwa chini zaidi ya ufa wake. Kiumbe kilipofika kwenye jiwe kiligeuza uso, nikaona sikio. Ndewe ilikuwa imetobolewa na kuvutwa ikaning'inia tupu mpaka karibu na bega, namna ya nyanya zetu wanapokwisha kuvua mapambo yao. Alikuwa bibi kizee, wa kabila letu, mgongo umekunjwa na miaka. Nilijua habari za wazee waliokataa kutoka nyumba zilipochomwa. Sikujua kwamba mmoja wao alikuwa hai, karibu hivyo, katika nusu ya shimo iliyobaki nje ya handaki.

"Unaona?" homgadi alinong'ona.

"Naona."

"Ni kifupi."

"Ni kifupi sana."

"Niambie si mtu." Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio cha bunduki. "Niambie, muhiki."

"Si mtu," nilisema. "Ni wao."

Mdomo wa bunduki ulishuka. Bibi alikuwa ameshaukumbatia ubavu, akarudi kinyumenyume, tawi likajifunga. Mpaka leo sijui kama kijana yule aliliona sikio. Alikaa juu ya debe, mikono kati ya magoti, mpaka ilipolia filimbi ya kafyu, ya kutuamuru tukae ndani usiku. Kisha alipitia bucha, akauchukua ule mfupa mezani, akautia mfukoni.

"Hakuna mtu," alimwambia baba mkwe. Mlangoni aligeuka kwa mama mkwe. "Msikose kuwapa."

Kesho yake mkubwa alikuja na fimbo yake. Alisimama pale handaki lilipokuwa na kina cha goti, akauliza kwa nini.

"Mwamba, bwana," kijana mwenye kovu alijibu.

Mkubwa alipiga teke udongo kwa buti. Nilikuwa nikiosha matumbo, nikaendelea kuosha sehemu moja ileile. Mkubwa alinitazama, akaitazama miiba, akaziba pua kwa leso na kuendelea kuelekea langoni.

Nilidhani hofu itaisha hapo. Ilibadilika tu. Zamani nilipeleka nyama nikiwa sijui, na mtu asiyejua ana la kujitetea. Sasa nilijua. Nilikuwa nikifanya hasa lile jambo lililompoteza mwenye duka la unga, na mume wangu, aliyelala kando yangu bila habari, ndiye angelilipia. Kuacha nako sikuweza. Kwa hiyo nilifikiri ni kitu gani kingeweza kutusaliti, nikapata viwili: mfupa, na moshi wa moto ambao yule bibi asiye na meno alilazimika kuuwasha ili nyama ilainike.

Siku ya kuchinja iliyofuata nilitoa nyama kwenye mbavu, nikaikatakata vipande vidogo, nikaibandika jikoni. Nilikuwa nikichochea moto mama mkwe alipoingia na kufunua sufuria.

"Tangu lini mwenye boma akapikiwa?"

"Moshi, maitu," nilisema. "Na mifupa."

Alisimama na kifuniko mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Nilitaka aniulize nilichokiona, na wakati huohuo niliogopa asije akaniuliza. Upande wa bucha msumeno ulikuwa ukikata, na mume wangu alikuwa akimtania mteja mmoja kwamba anataka mkia wa ng'ombe asiye na mkia.

Mama mkwe alichota chumvi kwa vidole, akatia. Akaonja. Akaongeza tena kidogo.

"Ipeleke kabla haijapoa," alisema. "Na usikawie huko."