Baba Kwenye Benchi la Nyuma

Hasira hii ninayo tangu Waingereza wakitutawala, na sioni aibu kuwa nayo.

Kwenye kanisa letu kule Masaki, Kisarawe, waliotengwa walikalishwa benchi la nyuma: mlevi, mwenye wake wawili, binti aliyepata mimba kabla hajaolewa. Hawakupewa chakula cha Bwana mpaka wasimame mbele ya watu watubu. Baba yangu, mzee wa kanisa aliyepitisha sahani ya sadaka kila Jumapili, naye akapelekwa huko. Kosa lake? Alichukua kadi ya chama kilichodai uhuru, halafu akamwambia mchungaji waziwazi kwamba Mungu aliyewatoa watumwa Misri hawezi kuwa upande wa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza.

Mchungaji mwenyewe alikuwa Mzaramo mwenzetu, amekula mihogo ya mama yangu mara ngapi sijui. Alihubiri habari za kuitii mamlaka mpaka mate yakamkauka.

"Rudisha kadi, mzee, utubu, yaishe," alimwambia baba mlangoni pa kanisa.

"Dhambi nitaitubu. Hii si dhambi," baba akajibu.

Aliyeumia ni mama. Tumbo lilikuwa linammaliza huku tunamwona, na alitaka kitu kimoja tu: ashiriki meza ya Bwana mara ya mwisho, mumewe yuko ubavuni. Nilimsihi baba airudishe hiyo kadi. Alinitazama, akaenda zake kwenye mikorosho.

Mchungaji akaja nyumbani asubuhi moja na mkate na divai ndani ya kisanduku. Alitandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, tupishe kidogo. Wewe bado umetengwa."

Mtu anafukuzwa chumbani kwake, mkewe anakata roho! Nilitamani kukipiga teke kile kigoda. Baba alitoka, nikamsikia akikohoa nje ya dirisha.

Nikamwinua mama kichwa. Mchungaji akamsogezea mkate, mama akafumba mdomo.

"Mpe mume wangu kwanza," akasema. "Akila yeye, nami nitakula."

"Hilo haliwezekani, mama," mchungaji akasema.

Mama akageuzia uso ukutani. Mchungaji akakunja kitambaa chake, akaondoka. Kesho yake mama akafa, na kwa kuwa alikataa mkate, kengele ya kanisa haikupigwa. Kaburi walichimba majirani zetu Waislamu, wakishirikiana na baba.

Mchungaji sijamsamehe, na watu wa mabenchi ya mbele walionyamaza sijawasamehe. Lakini kuna jambo sikumwambia baba mpaka naye akafa. Mama alipogeuzia uso ukutani, nilimshika kidevu kwa mkono huu, nikajaribu kumfumbua mdomo kwa nguvu.