Mafiga Chini ya Mwamba

Mama alikuwa hapandi tena ngazi za kanisani bila kushikwa mkono, lakini siku hiyo alitaka kupanda kilima. Ni kile tulichohama nikiwa sijaanza shule, upande wa ziwani ukishapita Kisesa. Siku hizi kina geti, vyoo vya kisasa na bango la mtu anayening'inia mwambani huku akicheka. Watu wanatoka mjini na mahema yao kuja kulala pale. Sisi tulihama kutafuta maji ya bomba. Wao wanayaacha maji ya bomba kufuata mawe. Nilijaa maneno ya namna hiyo njia nzima.

Mama alikuwa na lake. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba, nikabeba heshima na lawama zake. Mwaka jana, tukichambua maharage nyumbani Buhongwa, akaniambia tu kwamba nilitanguliwa na mvulana aliyeishi majuma machache. Hakuwekewa matanga. Kwa wazee wetu mtoto mchanga vile alizikwa karibu na nyumba, kimyakimya, na mama yake akaambiwa asilie, asije akakosa mwingine. Baba ameshafariki, bibi naye.

"Nikifa mimi," alisema, "hakuna atakayejua amelala wapi. Nataka nikuonyeshe."

Basi tukapanda, ameegemea bega langu, tukipumzika kila penye kivuli. Nyumba yetu haipo, hata msingi. Vijana walikuwa wamefunga kamba kwenye mwamba ambao mama alikuwa akianikia mihogo. Wengine walikuwa juu, wengine chini wakiwaelekeza pa kukanyaga. Nilitaka kucheka. Mama hakuwatazama. Alikuwa akikagua ardhi, akijisemea kwa Kisukuma.

"Niliweka mawe matatu," alisema. "Ya ziwani, yale laini. Niliyabeba mwenyewe nisije nikayachanganya na haya ya huku."

Niliyaona kabla yake. Yalikuwa palepale chini ya mwamba, yameelekeana, meusi kwa masizi, na juu yake sufuria ya wali inatokota.

Na kibaya zaidi, niliwaelewa. Mtu yeyote wa kwetu akikuta mawe matatu yanayolingana, yamekaa hivyo, atasema nini? Atasema ni mafiga. Mimi mwenyewe ningetafuta kuni.

Lakini nina hasira za karibu, nazo hazisubiri kuelewa. Nilimfokea dada aliyekuwa akipika mpaka wale wa kwenye kamba wakageuka.

"Mnapika juu ya kaburi! Kaburi la kaka yangu!"

Yule dada aliuachia mwiko, akapiga magoti mbele ya mama. "Shikamoo, bibi. Tusamehe. Tuliyakuta hivihivi, tukajua ni jiko la watu." Akaipua sufuria kwa pindo la kitenge. Mwenzake akaja mbio na ndoo ya maji auzime moto.

"Acha," mama alisema.

Nilidhani hajaelewa. Nikamwambia watauzima, tutasafisha majivu, nitaleta fundi apajengee vizuri kwa saruji na msalaba. Hakunisikiliza. Aliketi chini taratibu, akainyoosha mikono yake kwenye ule moto, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Alikufa kwa baridi. Mvua haikukatika, kuni zote zimeloa, paa linavuja. Nilimweka hapa kifuani, nampulizia pumzi, naye anazidi kupoa. Sikuwa na moto, mwanangu. Sikuwa na moto wa kumwotesha."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha msiba wa jana, na mimi nikalia naye, kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya kaka nisiyemjua. Yule dada alimshika upande mmoja, mimi upande wa pili. Vijana wakateremka kwenye kamba mmojammoja, wakavua kofia zao ngumu, wakasimama.

Alipotulia alijifuta uso kwa kanga, akamgeukia aliyeshika ndoo.

"Mwaga hayo maji kule," alimwambia. "Lete kuni."