Yustina Alimwogopa Mwalimu Kuliko Homa

Nakumbuka siku moja ya jua kali kule Biharamulo, mwanangu. Nimesikia umekabidhiwa wasichana wa riadha hapo Ngara. Basi keti kidogo, nikusimulie kabla hujavaa filimbi shingoni.

Shuleni kwetu Mbuba tulikimbia mbio ndefu, mimi na Yustina, binti wa jirani. Kocha wetu, Mwalimu Bugingo, aliijua kazi yake, simnyimi haki yake. Ila akitokea uwanjani, mazungumzo yalikatika. Aliyesema anaumwa aliongezewa mizunguko, na kuitwa mzembe mbele ya wenzake. "Samaki mkunje angali mbichi," alipenda kusema, fimbo mkononi. Wazazi walimsifu, maana tulishinda.

Asubuhi ya mashindano ya Biharamulo nilimkuta Yustina anatetemeka. Nikamgusa, mwili ulikuwa wa moto.

"Tumwambie Mwalimu."

Akaning'ang'ania mkono. "Usiseme, dada. Ataniua."

Mara Mwalimu akapita. "Mko tayari?"

"Tayari, Mwalimu!" Yustina akajibu kwa sauti kubwa kutushinda sote.

Mbio zikaanza, nami nikawa nyuma yake. Katikati ya mbio nikamwona anaacha mstari, anayumba kama mlevi. Kisha akaanguka kifudifudi. Nilipomgeuza, macho yalikuwa yamebaki meupe. Mwalimu akaja mbio, na mimi bila kufikiri nikamlalia Yustina, nikauficha uso wangu, nikidhani anakuja kumpiga.

Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa amesimama tu, ananitazama.

Hospitalini wakasema malaria imepanda kichwani. Tulikaa kwenye benchi, kila mlango ukifunguka tunashtuka. Jua lilipoanza kushuka ndipo Yustina akafumbua macho.

"Kwa nini hukuniambia?" Mwalimu akamuuliza, ameinama.

"Nilikuogopa, Mwalimu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakusema nani alimfundisha kuficha.

Tuliporudi Mbuba, Mwalimu alikwenda kwa mama yake Yustina kuomba radhi. Yule mama hakufoka. "Mwalimu," alisema, "nilipokupa mtoto, nilidhani nimepata mzazi mwenzangu."

Yustina alipona, ila sikio moja halikusikia tena, na uwanjani hakurudi. Mwalimu aliiacha fimbo. Kila tulipoanza mazoezi aliuliza, "Nani hayuko sawa leo?" Tulimtazama tu. Ulipita muda mrefu kabla mmoja wetu hajathubutu kuinua mkono. Hofu, mwanangu, huingia kwa siku moja, lakini haitoki kwa siku moja.

Basi nakuusia: mtoto akikuambia anaumwa, mwamini kwanza, ukaguzi ufuate. Mkosoe, ila usimwaibishe. Usimwite msichana faraghani mlango umefungwa; mzungumze mahali watu wanapowaona, na nyumbani kwao wakufahamu. Wakikujibu "tayari" kwa sauti kubwa, watazame nyuso. Na timu ikinyamaza ukitokea, usijivune kwamba una nidhamu. Ogopa.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie sikio jepesi na mkono wa upole, na kila mtoto utakayempokea kwa mzazi wake umrudishe mzima.